Jinsi Msitu wa Kihondwe Ulivyolindwa

Usigeuze shingo. Ndiyo, wewe. Kugeuza shingo unakujua sana. Uligeuza siku bango la kwanza lilipopigwa misumari, ukageuza la pili lilipopigwa, na siku ya la tatu ulisema una mgonjwa hospitali. Leo kaa usikilize, maana habari yenyewe wala si ya nchi yako. Ni ya nchi nyingine kabisa, yenye bendera yake na wimbo wake na magari yake ya vioo vyeusi. Ukiona mtu humu anafanana na mtu unayempa shikamoo kila asubuhi, hilo ukamwulize yeye.

Nchi hiyo ilikuwa na Jimbo la Tisa, na Jimbo la Tisa lilikuwa na Mkurugenzi wa Maliasili, Bwana Fulgensi Kabuta. Alikuwa mtu mpole, mwenye tumbo la heshima na miguu isiyotulia. Hata akiwa amekaa, magoti yake yalikuwa yanakwenda mahali. Kazi yake ilikuwa moja tu: kulinda.

Na ulinzi katika nchi ile ulikuwa na utaratibu mzuri. Kwanza panatafutwa mahali penye kitu: miti, mchanga, mawe, chochote. Kisha panapigwa bango: ENEO LINALINDWA, HAKUNA KUINGIA. Mama akiingia kuokota kuni anakamatwa, kwa kuwa anaharibu mazingira. Kwa hiyo hakuna anayeingia. Kwa kuwa hakuna anayeingia, hakuna anayeona. Na kwa kuwa hakuna anayeona, malori yanafanya kazi yake kwa utulivu bila kusumbuliwa na wananchi. Ndivyo ulivyolindwa Msitu wa Nyamsenga, ukalindwa mpaka mti wa mwisho. Ndivyo ulivyolindwa mchanga wa Mto Mbulwe, na leo watu wanauvuka mto ule wamevaa soksi. Waliouliza mchanga umekwenda wapi walijibiwa kwa upole kwamba umehamishiwa mahali salama.

Lakini Mkurugenzi hakuwa mtu wa hivihivi. Ni yeye aliyegundua kwamba msitu, kitaalamu, ni kile anachokiona kiongozi akiwa ndani ya gari. Kwa hiyo Nyamsenga paliachwa miti kando ya barabara kuu, minene ya kutosha kwa msafara unaokwenda kasi. Wakubwa walipita, wakatazama dirishani, wakasema, "Hongera, Kabuta, mmetunza." Akapewa medali. Akaitundika ofisini, juu ya kalenda.

Kulikuwa na msitu mmoja tu ambao hakuwahi kuulinda, nao ulikuwa Kihondwe. Alizaliwa hapo. Chini ya miti ile inatoka chemchemi inayonywesha bonde zima, na maji hayo ndiyo aliyochota dada yake, Yuditha, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Kila mara mtu alipotaja Kihondwe kwenye kikao, Mkurugenzi alishikwa na kikohozi kikali, mpaka mada ikabadilishwa. Kwa miaka yote ile, huo ndio ulinzi pekee wa kweli aliowahi kuufanya: kukohoa.

*

Ikaja siku Mkuu wa Jimbo alipoita kikao. Alikuwa mwanajeshi mstaafu, ila sauti yake haikustaafu.

"Mabibi na mabwana, tumepata heshima! Siku ya Misitu, kitaifa, mwaka huu inafanyika kwetu. Mkuu wa Nchi anakuja mwenyewe, na mabalozi. Wamesikia jinsi tunavyotunza."

Watu wakapiga makofi. Mkurugenzi naye akapiga, akijipigia.

"Sasa, jukwaa. Mwaka jana Jimbo la Nne walimkalisha Mkuu wa Nchi kwenye kiti cha plastiki. Plastiki! Siku ya Misitu! Hawana haya. Sisi tutamjengea jukwaa la mbao tupu. Ngazi mbao, sakafu mbao, mimbari mbao, na kiti chake kichongwe kwenye gogo moja lisilo na kiungo. Akikaa ajue kwamba hapa miti inapendwa."

"Na mbao zitatoka wapi, Mheshimiwa?" aliuliza Afisa Itifaki, Bwana Zuberi Mangube, mtu ambaye hakuwahi kuuliza swali asilojua jibu lake.

"Kihondwe."

Mkurugenzi akakohoa. Akakohoa tena, kwa nguvu zaidi, akashika kifua.

"Mpeni maji," alisema Mkuu wa Jimbo.

Akapewa maji. Akanywa. Wakamngoja mpaka akamaliza, wote, wakimtazama.

"Mheshimiwa," akasema, "Kihondwe ndio msitu pekee uliobaki jimboni."

"Najua. Tuna bahati sana kwamba ulibaki."

"Lakini tukiukata, hiyo Siku ya Misitu..."

"Itafana! Kabuta, wewe ni mtaalamu. Usituletee siasa."

Mkurugenzi alipigana. Tusimnyime haki yake, alipigana. Alitaja mvua, akataja mmomonyoko, akataja mpaka mabalozi. Mwishowe Mkuu wa Jimbo akapunga mkono kama mtu anayefukuza nzi: haya, nusu tu, ule upande wa barabarani. Mkurugenzi akashuka ngazi amevimba kifua. Ameokoa nusu ya msitu, na chakula cha mchana bado.

*

Yuditha alifika ofisini kabla muhtasari wa kikao haujachapwa. Habari za nchi ile huwa zinafika vijijini kwanza, ndipo zirudi mjini kuthibitishwa. Alikataa kukaa kwenye kiti cha wageni. Alitembea huku na huku mbele ya mlango mpaka ukafunguliwa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nimeambiwa unataka kuulinda msitu wetu."

"Kaa kwanza, dada. Unakunywa soda gani?"

"Sikupanda lori la mahindi kuja kunywa soda. Ni kweli au si kweli?"

"Ni nusu tu. Nimewapigania mpaka nimechukiwa. Upande wa chemchemi halitaguswa hata jani."

"Nyamsenga mliwaambia hivyohivyo."

"Nyamsenga hawakuwa na mtu wa kuwasemea. Kihondwe mna mimi."

Yuditha akaitazama ile medali ukutani. "Nyamsenga nao walikuwa na wewe," akasema.

Magoti ya Mkurugenzi yakaanza safari yao chini ya meza.

"Fulgensi. Ulikuwa na homa wiki ile mama alipofariki. Nilikubeba mgongoni mpaka kwenye yale maji, nikakutumbukiza mpaka shingoni, usiku ukalala. Sikudai kitu, na leo sidai. Ila niapie."

"Dada, mimi ni mkurugenzi, siwezi kuanza kuapa ovyo ofisini..."

"Niapie, au nilale hapahapa kwenye zulia lako."

Akaapa kwa kaburi la mama yao kwamba chemchemi haitaguswa. Yuditha akajifunga khanga vizuri.

"Haya. Nimesikia. Na hiyo soda mpe binti wa hapo mlangoni. Tangu nimekuja amesimama, kama mti wenu wa barabarani."

*

Basi ile nusu ya barabarani ikaenda. Jukwaa likasimama uwanjani, zuri, likinukia utomvu mpaka nyuki wakalihamia, na ofisi ya Itifaki ikatoa tamko kwamba nyuki wale ni ishara ya mazingira kutunzwa.

Ikafika siku ya mazoezi ya msafara. Kwenye gari la Mkuu wa Nchi aliwekwa mpishi wa ikulu ndogo, kwa sababu ya unene wao kulingana, akawa anapunga mkono kwa miti. Mkuu wa Jimbo alifuata nyuma, na Mkurugenzi nyuma yake. Asubuhi hiyo Mkuu wa Jimbo alikuwa amekunywa chai ya tangawizi nyingi kuiandaa sauti, na walipofika Nyamsenga chai ikadai njia.

Msafara wote ukasimama. Sasa, katika nchi ile kiongozi hasimami nyuma ya mti wa kwanza kama kondakta. Cheo kinavyopanda ndivyo anavyopaswa kwenda ndani zaidi. Mkuu wa Jimbo akaingia msituni kwa hatua za kijeshi, akapita mti, akapita mti mwingine, mkono umeshafika kwenye mkanda. Akasukuma tawi lililofuata, akatokea mahali peupe, kwenye jua kali.

Mbele yake kulikuwa na nchi nyekundu, tupu, visiki mpaka macho yanapokoma. Na katikati ya visiki hivyo, Bendi ya Magereza ya Jimbo ilikuwa inafanya mazoezi yake. Mkuu wa bendi alimwona kiongozi akitokea ghafla, akafanya alichofundishwa: akanyanyua fimbo, tarumbeta zikalia, wimbo wa taifa ukaanza.

Wimbo wa taifa wa nchi ile una beti nyingi, kwa kuwa kila utawala uliongeza wa kwake na hakuna aliyethubutu kufuta wa mwingine. Mkuu wa Jimbo alisimama wima. Mkono mmoja ulipiga saluti, wa pili ulishika mkanda, na uso wake ulibadilika rangi ubeti hadi ubeti. Mkurugenzi aliyekuwa amemfuata alisimama naye, hana pa kujificha. Na huku tarumbeta zikiendelea, jambo la ajabu likamjia moyoni: akajisikia nafuu. Sasa kwisha, alijiambia. Mkubwa ameona kwa macho yake, si kwa kuambiwa. Ataniuliza msitu uko wapi, nami nitamwambia. Nitafukuzwa, na Kihondwe itapona.

Wimbo ulipokwisha, na shughuli nyingine ilipokwisha, Mkuu wa Jimbo akamgeukia.

"Kabuta. Hiki ni nini?"

"Ni Nyamsenga, Mheshimiwa."

"Najua ni Nyamsenga! Nauliza, mbona ni mwembamba? Mkuu wa Nchi ana umri wangu, na chai anakunywa. Akishikwa hapa je? Naye apigiwe wimbo?"

"Mheshimiwa, huo msitu..."

"Uongezwe unene. Mtu aingie, amalize, atoke, asione mwanga. Kabla ya sherehe."

"Miti haiwezi kuota kwa muda huo, Mheshimiwa."

"Nani kasema iote? Ikatwe mahali, ije ichomekwe!"

"Ikatwe mahali gani?"

Hapo hata mpishi, aliyekuwa akiwaona katikati ya miti kutoka kwenye gari la Mkuu wa Nchi, alimtazama kwa huruma.

"Si ulisema Kihondwe ilibaki nusu?" alisema Mkuu wa Jimbo.

Mkurugenzi akafungua mdomo akohoe. Hakikutoka kitu. Angeweza kusema hapana. Neno lenyewe alilileta mpaka kwenye meno, likagonga hapo. Akaliona gari la serikali, akaiona nyumba ya serikali, akaliona jina lake limefutwa kwenye mlango. Akalimeza.

"Sawa, Mheshimiwa," akasema. "Tutaulinda."

*

Asubuhi iliyofuata malori yaliteremka Kihondwe. Mbele alikuwa Mkurugenzi na bango lake, nyuma mafundi wa misumeno ya mashine, chenso kama wanavyoziita wenyewe, wakiongozwa na Fundi Lusajo. Bwana Mangube alikuja kuangalia itifaki.

Akina mama wa Kihondwe walikuwa wameshafika, na mafagio. Walikuwa wanafagia chemchemi. Kwa desturi ya pale kazi hiyo hufanywa kabla ya mvua, na mvua zilikuwa mbali, lakini Yuditha alisema mwaka huu takataka zimewahi. Na desturi nyingine ya pale ni kwamba kuna jiwe bapa kabla ya kuifikia miti ya chemchemi, na hakuna anayelipita akiwa na viatu. Hakuna. Mwizi mmoja wa kuku aliwahi kukimbilia pale akifukuzwa, akasimama kuvua ndala, na ndiyo maana alikamatwa.

"Shikamooni, mama zangu," Fundi Lusajo alisema alipofika kwenye jiwe.

"Marahaba, mwanangu," alijibu Bibi Nambua, mkubwa kuliko wote pale. "Buti."

Fundi Lusajo naye alikuwa na bibi yake, na kijiji chao kina chemchemi yake. Akavua. Mafundi wote wakavua, wakazipanga buti zao vizuri kando ya jiwe, wakaingia peku. Mkurugenzi akashusha pumzi. Chenso ya kwanza ikavutwa kamba.

"Simameni!" alipiga kelele Bwana Mangube. "Hao wako peku! Kanuni ya Idara inasema nini? Hakuna kushika chenso bila buti!"

Ilikuwa kweli. Kanuni hiyo ilitolewa na Mkurugenzi mwenyewe, baada ya fundi mmoja kukatwa kidole cha mguu Nyamsenga na ofisi kulalamikiwa.

"Basi tukavae," alisema Fundi Lusajo.

"Mkavae," alisema Bibi Nambua, "ila mkivaa msirudi."

Wakatoka wakavaa. Walipovaa hawakuweza kuingia. Wakavua wakaingia, hawakuweza kukata. Wakatoka tena wakavaa. Fundi Lusajo alifunga kamba za buti taratibu mno, kama anayemsuka bibi harusi, kisha akazifungua taratibu vilevile.

"Lusajo, unafanya makusudi!" Mkurugenzi alifoka.

"Mimi nafuata kanuni yako na desturi ya mama zangu, bosi. Mkishakubaliana mniite."

Akina mama wakacheka. Simu ya Mkurugenzi ikaita. Ilikuwa inaita tangu asubuhi, mfuko mzima unatetemeka. Akapokea, akaeleza.

"Hiyo kanuni ya buti ni ya nani?" Mkuu wa Jimbo akauliza.

"Ni yangu, Mheshimiwa."

"Sasa unangoja nini?"

Alipogeuka, Yuditha alikuwa amesimama upande wa pili wa jiwe, fagio mkononi.

"Uliapa," akamwambia, bila kupaza sauti.

"Dada, niliapa kabla ya mazoezi."

Akachukua kipaza sauti. Sauti yake ikaenda bondeni, ikarudi. "Ndugu wananchi! Kwa mamlaka niliyonayo, na kwa maslahi ya misitu, kanuni ya buti imesitishwa kwa siku ya leo!"

Fundi Lusajo akaviangalia vidole vya miguu yake. "Na vidole vyetu, Mkurugenzi?"

"Vidole vyenu vinalindwa."

Neno hilo kila mtu alilisikia. Mafundi kadhaa waliokota buti zao, wakaondoka kwa miguu kuelekea barabarani. Wengine wana watoto, wakabaki. Chenso ikalia. Mti wa kwanza ukainama, ukaanguka ukikatiza maji, na chemchemi ambayo hakuna mtu wa Kihondwe aliyewahi kuiona imechafuka ikawa rangi ya chai ya maziwa.

Ndipo akina mama walipotupa mafagio wakaenda kukaa. Kila mmoja alichagua mzizi, akakaa, akakumbatia shina. Yuditha alikaa kwenye mti ambao sasa ilikuwa zamu yake kukatwa. Fundi Lusajo alisogea na chenso inanguruma, akamtazama mama yule, akatazama vidole vyake mwenyewe, akaizima.

"Mafuta yameisha," akasema.

Dumu la mafuta lilikuwa nyuma yake, limejaa. Mangube aliliona.

"Nitaleta mafundi wengine!" alipiga kelele akipanda gari. "Wa jimbo jingine! Wasio na bibi hapa!" Akaondoka na vumbi lake.

Mkurugenzi akabaki kwenye jiwe, na viatu vyake, hawezi kuingia na hawezi kurudi. Jua likamchoma. "Dada," akaita. Yuditha hakugeuka. "Dada Yuditha." Mwishowe akaomba maji ya kunywa, kwa sauti ndogo, kama mtoto wa nyumbani. Bibi Nambua akainuka, akachota kwa kata kutoka chini ya ule mti ulioanguka, akamletea mpaka mpakani. Yalikuwa matope.

"Kunywa, mjukuu wangu," akamwambia. "Ni maliasili."

Bado ameishika ile kata. Hajanywa, hajamwaga. Simu inaita mfukoni na hapokei, na hilo nalo usilihesabu kuwa ushujaa.

Sasa sikiliza, na usiniambie tena una mgonjwa. Mangube ameshawapata watu, malori yamewasha injini. Yanapita njia unayoijua, kasi, kwa sababu sherehe imekaribia na ukuta wa miti wa Nyamsenga bado unapitisha mwanga. Akina mama ni wachache, na msitu, hata ukiwa nusu, una mizizi mingi. Upande wa kushoto wa jiwe, ule unaotazama bonde, hakuna aliyekaa. Hapo ndipo wataanzia.

Kwa hiyo simama. Usimalize chai yako, usingoje kiongozi aje akutangulie, usiseme utakwenda kesho na wenzako. Weka haya maandishi chini uende Kihondwe sasa hivi, uvue viatu, uchague mzizi, ukae.